Tangi Lililo Chini ya Kiti cha Bibi

Chumba cha Kushonea,
Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Machi.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hali yako huko uliko, na hiyo baridi inakutendeaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba kikohozi kimekuganda, na kwamba umenunua soksi nene mpaka viatu havikuingii tena. Nilicheka, kisha nikajilaumu kwa kucheka. Natumaini kikohozi kimekwenda zake na viatu vimekubali. Kula vizuri, na usijitie ujana wa kutoka nje kifua wazi.

Huku sote tu wazima. Mama yangu, dada yako, magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote, kwa hiyo nyumba bado inajua nani mwenye amri. Mimi naendelea na kazi yangu ya kushona viti vya magari. Vumbi la sponji limenikaa puani hata chakula nakisikia ladha ya mto. Tunamshukuru Mungu.

Mjomba, barua hii ni ya gari lako na ya mama yako. Nilitaka kuandika barua mbili, nikashindwa kuyatenganisha mambo yenyewe. Nakuomba uisome umekaa, na usinipigie simu kabla hujafika mwisho.

Unajua kwamba Bibi alianguka jikoni kwake huko mlimani. Ulichoambiwa ni kuwa aliteleza kidogo. Haikuwa kidogo. Alilala sakafuni mpaka jirani alipopita kuazima ungo, ndipo akainuliwa. Mguu haukuvunjika, ila tangu siku hiyo anatembea kwa mkongojo na kushika ukuta. Halafu yule jirani aliyekuwa akimchungulia kila siku akahamia kwa binti yake. Mvua zilikuwa zinakaribia, nawe unajua zikianza ile njia ya mlimani haipitiki. Akianguka tena hakuna ambaye angemfikia. Ilikuwa lazima ateremke aje kukaa nasi kabla ya mvua, na sote tulikubaliana hivyo isipokuwa yeye mwenyewe.

Hakukataa moja kwa moja, unamjua. Alitoa masharti. Kubebwa kwa machela hataki, yeye si gunia. Magari madogo hayawezi njia ile. Atateremka kwa gari la mwanawe, kiti cha mbele, basi. Tukamfuata kwa gari lako, tukamkalisha mbele, na hatukufika naye hata nusu ya njia.

Sijui kama mama alikusimulia siku ile. Kwa vile tangi la mafuta la gari lako liko chini ya kiti cha abiria, kila shimo tulilopita lilikuwa linampigia Bibi hodi kwa chini. Harufu ya petroli ikajaa ndani mpaka macho yakawasha. Kabla ya daraja alitapika, akaniambia nisimamishe, akashuka, akaanza kupanda kurudi kwake kwa mguu ule ule mbovu. Nikageuza gari nikamfuata nyuma taratibu, kama ninayesindikiza bibi harusi asiyetaka harusi. Nilikuwa nalia na yeye hakugeuka. Alipofika mlangoni ndipo akasema kwamba hatapanda tena gari lile mpaka tangi litulie.

Hapo tukalazimika kufanya jambo ambalo nyumba hii haijapata kulifanya. Tukaligusa tangi lako.

Najua umekunja uso. Tangu uondoke neno lako limekuwa sheria: tairi tubadilishe, oili tumwage, hata rangi tupake tukitaka, lakini tangi asiliguse mtu, maana ulilifunga kwa mkono wako na anayejua kulifunga ni wewe peke yako. Tukatii. Harufu ilipoanza, mama alifungua dirisha. Ilipozidi, akafungua na la pili. Mteja wangu mmoja aliyepanda siku moja aliniuliza kama tunasafirisha petroli ya magendo, nikamjibu kuwa magari ya zamani ndivyo yanavyonuka. Watu wazima na akili zetu tulikuwa tunakaa juu ya tangi linalovuja kwa ajili ya heshima.

Fundi tuliyemwita humjui. Mtaani anaitwa Fundi Bado, kwa sababu ukimuuliza kazi imefika wapi jibu lake ni hilo hilo. Ni mtu mwenye roho nzuri na mikono mizuri, na kasoro yake ni moja tu, kwamba anapenda kukaza. Nati aliyoikaza yeye huwa haifunguki, hukatwa. Tulitoa kiti, tukafungua bati la juu, tukanyonya petroli yote tukaitia kwenye madumu, tukalinyanyua tangi wawili. Chini yake tukakuta blanketi.

Nililitambua kabla sijalishika. Ni lile la kijivu lenye mstari mwekundu, ambalo Bibi alikufungia ulipokwenda shule ya bweni. Ulilikunja mara mbili, ukalishona pembeni kwa uzi wa viatu, ukalitandika chini ya tangi lote ili lisiumie. Mimi ni mshona viti, Mjomba, na lazima nikwambie kwamba mishono yako ni mibaya sana. Hata hivyo nilikaa chini kando ya gari nikiwa nimelipakata.

Tatizo ni kuwa blanketi hunywa maji. Kila tulipovuka kijito, kila tulipoosha gari, lilikunywa likayashika, na tangi likawa linalala juu ya unyevu mwaka hadi mwaka. Kitako chake kilikuwa kimelika kiasi kwamba ukikisukuma kwa kidole kinabonyea kama kopo la maziwa. Matundu yenyewe yalikuwa madogo, ya kupita sindano. Sikuambii haya kwa kukulaumu. Ulitaka lilale pazuri, ukalipa kitu kizuri ulichokuwa nacho. Blanketi nimelifua mara kadhaa, harufu haijatoka, limeanikwa nyuma ya karakana.

Tangi tulilipeleka kwa mchomeleaji. Alikataa kuligusa mpaka tulisuuze kwa sabuni na maji ya moto, tuliache wazi juani, tulisuuze tena, kwa sababu tangi tupu la petroli ndilo la kuogopwa. Mvuke uliobaki ndani ukiuonyesha moto, hakuna atakayebaki wa kusimulia. Aliporidhika akakata kitako kibovu na kuchomelea bati jipya. Kazi safi, hata mama aliisifu, na unajua sifa za mama ni adimu.

Sasa kulifunga. Fundi Bado alisema mchawi ni blanketi, kwa hiyo hakuna cha kutandika kitu. Akalikalisha tangi chuma juu ya chuma, akapitisha bolti kwenye masikio ya tangi, vile vibati vya pembeni vyenye matundu, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nilimuuliza kama si kuzidisha. Akasema tangi lisilocheza halipasuki.

Hatukuwa tayari kulijaribu kwa Bibi mwenyewe, kwa hiyo tulijaza gunia mchanga, uzito kama wake, tukalikalisha kitini na kulifunga mkanda. Mama alipotoka nje akalikuta, akaliinamia akasema, "Shikamoo, mama," tukacheka mpaka fundi akaangusha spana. Nikaliendesha gunia letu hadi njia ya machimbo ya kokoto, ambayo kwa mashimo haina tofauti na ya mlimani. Kwenda, kimya kabisa. Kurudi, harufu. Tulipofungua tukakuta sikio moja la tangi limechanika pale pale bolti ilipolishika.

Nilikaa nikalifikiria jambo hili siku nzima na sindano mkononi bila kushona. Gari lile halikuundwa liwe gumu. Gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likiingia shimoni, chasisi yote, ule uti wa chuma unaobeba gari, hujipinda kidogo, kisha ikarudi. Ndiyo maana linapita mahali ambapo mengine yanakwama. Sasa ukiligandisha tangi kwenye chasisi, nalo linalazimishwa kujipinda, na bati si kitu cha kujipinda kila siku.

Nikaenda kwa fundi nikamweleza kwa lugha ya viti, maana ndiyo ninayoijua. Mto ukiubana mpaka ukawa bapa, si mto tena. Ukiuacha huru nao unatembea, unamwacha mtu amekalia mbao. Lazima ushikwe, na lazima upate pa kupumua. Alinisikiliza kwa adabu, akafuta mikono, akasema, "Bado sijaelewa, lakini endelea."

Tulianza na mpira wa tyubu. Kabla ya kuukata nikatumbukiza kipande ndani ya kopo la petroli, na kesho yake nikakikuta kimevimba na kulegea, ukikivuta kinakatika. Ungemaliza mwezi mmoja chini ya tangi ukawa uji. Ndipo nikakumbuka mkanda wa mashine ya kusaga nafaka, ule mpana, mzito, wenye turubai katikati ya mpira. Mwenye mashine alikuwa na mmoja uliokatika, akanipa nikamshonea kiti cha pikipiki yake. Kipande cha mkanda huo kilitoka kwenye petroli kama kilivyoingia.

Nikaukata vipande virefu vyembamba, nikavigundisha pale tangi linapokalia, na baina ya kipande na kipande nikaacha nafasi, ili maji yakiingia yapite yaanguke chini, yasipate pa kukaa. Juu na chini ya kila sikio tukaweka duara la mpira ule ule. Halafu fundi naye akatoa akili ambayo mimi nisingeipata. Alikata vipande vifupi vya bomba la chuma, akavipenyeza ndani ya matundu ya yale maduara, na bolti zikapita humo ndani. Kwa hiyo nati ikikazwa inakaza bomba, mpira unabaki na unene wake. Hata yeye mwenyewe kwa mikono yake hawezi tena kuuponda. Alifurahi sana, mtu aliyejitengenezea hatamu yake mwenyewe.

Gunia likapanda tena. Njia ya machimbo, kwenda na kurudi, tangi halikugonga wala halikunuka. Nikatandika karatasi safi chini ya gari usiku kucha, asubuhi nikaikuta kavu. Mama akapiga simu mlimani kwa mwenye duka, Bibi akaitwa, akaambiwa: tangi limefungwa upya, vizuri kuliko lilivyokuwa, halipigi kelele wala halinuki.

Bibi akajibu, "Basi njooni."

Tuliruka kwa furaha. Kilichotushangaza ni kwamba hakuuliza swali hata moja, yeye ambaye hata kibiriti hukinunua kwa maswali.

Nilimkuta amekaa mlangoni amevaa ile nguo yake ya kijani ya kutokea, uso umepakwa mafuta unang'aa. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo zake na mfuko wa pili wa mashati yako, yale uliyoyaacha. Ameyafua na kuyapiga pasi, kola zimesimama. Nilidhani hataki yabaki yakaliwe na panya. Nikaupakia mfuko nyuma, wala sikuuliza.

Alipokaa alinusa kwanza, kisha akatikisa kichwa kukubali. Akaweka kiganja chake kwenye bati la pembeni ya kiti, akakiacha pale njia nzima. Kwenye mashimo mabaya nilikuwa namwangalia kwa jicho la pembeni, roho juu, lakini uso wake ulikuwa umetulia. Akaanza kunisimulia habari zako, jinsi ulivyokuwa unajifunza kuendesha ukagonga banda la kuku, na wakati wa chakula cha jioni ukawalaumu kuku. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aanguke. Ukiona vyaelea vimeundwa, nikajisemea, na nikajisifu kimoyomoyo mpaka tukafika mjini.

Mama alimpokea mlangoni, akamvutia kiti. Hakukaa. Alipita sebuleni na mkongojo wake, akachungulia chumba kilichokuwa chako, akachungulia cha mama na changu, akaingia hapa ninaposhonea, akafungua mpaka mlango wa stoo. Nilidhani anakagua usafi, nikawa namfuata nikisukuma mabaki ya sponji kwa mguu yasionekane. Mwishowe akasimama katikati ya nyumba.

"Kalala wapi?" akauliza.

"Nani, Bibi?"

"Huyo aliyefunga tangi."

Mama alielewa kabla yangu. Nilimwona akishika fremu ya mlango. Mjomba, wewe ndiye uliyesema kuwa hakuna mwingine wa kulifunga tangi lile, na mama yako amelishika neno hilo kuliko sisi sote. Akaambiwa limefungwa upya, tena vizuri. Angeelewa nini kingine? Hakuuliza kitu kwenye simu kwa sababu alidhani tunamfichia furaha, naye hakutaka kutuharibia. Nguo ya kijani aliivaa kwa ajili yako. Masharti yote aliyotuwekea, nadhani sasa, yalikuwa ni njia yake ya kukuita.

Mama akamwambia ukweli, kwamba lilifungwa na fundi pamoja nami. Bibi aliitazama mikono yangu, akasema, "Mmelifunga vizuri," akaomba maji. Aliyanywa yote. Kisha akasema, "Basi nimetangulia mimi. Yeye atanikuta." Hakulia. Niliyelia ni mimi, stoo, juu ya magunia ya sponji, na nililia kwa uchungu nisioujua jina.

Mvua ilianza siku iliyofuata, na njia ya mlimani imefungwa kama tulivyojua. Bibi yuko katika kile chumba kilichokuwa chako. Mashati yako ameyatundika nyuma ya mlango kwa mpangilio wake. Anakula vizuri, anagombana na mama vizuri, na mchana huja kukaa hapa kunitazama nikishona. Swali la aliyefunga tangi halijamtoka tena kinywani.

Mjomba, sasa nasema nililokuja kusema. Kila mwaka unaandika "mwakani". Mimi ndiye ninayemsomea, na huwa nalisoma neno hilo kwa sauti tamu kuliko ulivyoliandika. Sitalisoma tena hivyo. Sijui yanayokushika huko, kama ni karatasi, kama ni kazi, au kama ni aibu ya kurudi mikono mitupu. Kama ni hayo ya mwisho, hapa hakuna anayengojea mizigo. Sikuulizi, wewe ni mkubwa wangu. Ninalokuomba ni uandike barua kwake, si kwetu, kwa mkono wako. Kama unakuja, umwambie ukiwa umeshika tiketi. Kama huji, umwambie huji. Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ameuweza mlima ule kwa mguu mbovu, na ukweli wako pia atauweza. Asichokiweza ni kuzunguka vyumba akikutafuta, na mimi sitaki kumwona tena akifanya hivyo.

Kama nimevuka mpaka, nisamehe. Ningependa unikasirikie ukiwa hapa hapa, tukabishana uso kwa uso juu ya mishono yako.

Dada yako anakusalimu na anasema ukoge kwa maji ya moto. Fundi Bado naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Anasema anakuheshimu kwa kila kitu isipokuwa lile blanketi. Mwenzako mnayepanga naye chumba mfikishie salamu zetu, na umshukuru kwa kukuchemshia tangawizi ulipoumwa.

Nilimuuliza Bibi nikuandikie nini kutoka kwake. Alinitazama nikikata uzi, akasema, "Mwambie nimehama. Asije akapanda mlima bure."

Mungu akuangalie katika kazi na usingizi wako, na akupe njia nyepesi.

Mpwa wako akupendaye hata anapokusema,

Mshona Viti